Mlipaji mmoja hatoshi: barua ya wazi kwa bodi za asasi za utafiti wa elimu

Kwa wenyeviti na wajumbe wa bodi, na kwa wakurugenzi watendaji wa asasi zinazofanya utafiti wa elimu na kutoa huduma kwa shule na walimu, Tanzania Bara na Zanzibar.

YAH: KUTAFUTA MAPATO YA ASASI ZETU KUWE KAZI YA BODI

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mtu aliyefanya kazi ndani ya asasi za aina hii kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, kwanza kama mdodosaji, kisha msimamizi wa ukusanyaji wa takwimu uwandani, na baadaye mwandishi wa maandiko ya miradi, yaani maombi ya fedha. Ninaandika kwa uwazi kwa sababu kila nilipolileta jambo hili kwenye kikao cha ndani liliahirishwa hadi robo ya mwaka inayofuata, na robo hizo zimekwisha.

Wiki ya mwisho ya Januari 2025 nilikuwa katika kata moja ya Mkoa wa Morogoro pamoja na wadodosaji kumi na wanne. Tulikuwa tumemaliza siku tatu za mafunzo kwenye darasa tuliloazimwa na mwalimu mkuu, vishikwambi vilikuwa vimechajiwa usiku kucha katika ofisi ya mtendaji wa kata, na orodha ya kaya ilikuwa imekwisha kuchapwa. Saa mbili asubuhi ikaja simu kutoka ofisini: kazi isimame, mtu yeyote asiingie kaya yoyote, na risiti zote za tangu jana zitunzwe. Fedha zilizokuwa zikitulipa zilitoka Serikali ya Marekani kupitia shirika kubwa la nje ambalo sisi tulikuwa tukifanya kazi chini yake, na agizo lililosainiwa Washington tarehe 20 Januari, la kusitisha misaada ya maendeleo kwa siku 90, lilikuwa limetufikia. Wadodosaji walipewa nauli ya kurudi makwao. Mwalimu mkuu aliniuliza kama tungerudi wiki inayofuata, nikamjibu kwamba nadhani hivyo. Tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika la misaada la Serikali ya Marekani, ilikoma kuwa shirika linalojitegemea, na sisi hatukurudi.

Tangu hapo nimesikia katika vikao vingi kwamba tatizo letu ni uamuzi wa serikali moja ya nje. Siwezi kukubaliana na maelezo hayo. Mwezi Februari 2025 Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, wakati miaka michache tu iliyopita kiwango hicho kilikuwa asilimia 0.7. Mwezi huohuo, mashirika ya utafiti wa elimu ya hukohuko Marekani, yenye majengo yake, maprofesa wake na miongo kadhaa ya sifa, yalikatiwa mikataba na wizara ya elimu ya nchi yao na yakaanza kupunguza wafanyakazi. Mashirika hayo hayakuwa maskini kama sisi. Tulichofanana nayo ni kuwa na mlipaji mmoja, au walipaji wawili watatu wanaofanana kiasi kwamba anapoondoka mmoja wengine nao wanajiandaa kuondoka.

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii. Katika kazi yetu, anayelipa na anayetumia ni watu wawili tofauti. Anayelipa yuko Dar es Salaam kwenye ofisi ya ubalozi, au yuko London. Anayetumia ni mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata, mthibiti ubora wa shule, Afisa Elimu wa halmashauri, mkuzaji mitaala, mzazi. Kwa miaka yote niliyokuwa humu, mlipaji tumemjua kwa undani: lugha anayoipenda, rangi anazotaka kwenye jedwali, tarehe ya kufunga mwaka wake wa fedha. Mtumiaji tulimjua kama mtu wa kudodoswa. Mlipaji alipoondoka tuligeuka kumtazama mtumiaji, tukakuta hatufahamiani naye vya kutosha kumwomba hata barua ya kututambulisha. Mkakati wowote wa mapato ambao bodi zitaupitisha sasa uanzie hapo: kumfahamu mtumiaji kwa kiwango kilekile tulichomfahamu mlipaji, hadi baadhi ya watumiaji wawe walipaji, na wale wasioweza kulipa wawe na sauti mbele ya wanaoweza.

Ninasema baadhi kwa makusudi, kwa sababu nimekwisha kuona mipango mkakati inayodhani kwamba shule zitanunua huduma zetu. Tuhesabu pamoja. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi, kwa kiwango kilichotumika kwa miaka mingi, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo shuleni hufika shilingi 6,000. Shule yenye wanafunzi 600 inapokea shilingi milioni 3.6 kwa mwaka mzima. Ndani ya fedha hizo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na vifaa vya michezo. Mwalimu mkuu huyo hana fedha za kununua mafunzo yetu ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), na tukimbebesha ankara tutakuwa tunaitoa kwenye chaki. Shule binafsi zenye uwezo zipo, nazo zinaweza kulipia tathmini ya usomaji au mafunzo ya walimu wao, lakini ni chache na zimejikusanya mijini. Asasi iliyoanzishwa kwa ajili ya mtoto wa kijijini Kilosa ikijipanga kuishi kwa shule za Mbezi na Masaki jijini Dar es Salaam, baada ya miaka mitano itakuwa asasi ya Mbezi na Masaki.

Fedha za elimu kwa sehemu kubwa ziko serikalini, na hilo tumechelewa kulikubali. Mradi wa BOOST kwa elimu ya awali na msingi, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.15 kutoka Benki ya Dunia, haukupitia kwenye asasi. Ulipitia Serikali, kwa utaratibu ambao malipo yanafuata matokeo yaliyokubaliwa na kuthibitishwa. Tafakarini maana ya utaratibu huo kwa watu wa fani yetu. Pale malipo yanapotegemea matokeo kuthibitishwa, kupima kwa uaminifu ni bidhaa yenye mnunuzi. Vivyo hivyo Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania: walimu wanakutana katika jumuiya za kujifunzia shuleni kwao na wanahitaji moduli, wawezeshaji na mtu wa kuwaambia kama kilichofundishwa Jumanne kimeonekana darasani Alhamisi. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024, baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, umeongeza mahitaji hayo. Kazi ipo. Inanunuliwa kwa mlango ambao wengi wetu hatujawahi kuufungua.

Mlango huo ni zabuni. Tangu 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huo ndiyo inayoyaongoza. Mwaka jana niliombwa na asasi moja niwasaidie kuomba kazi ya ushauri elekezi ya halmashauri iliyokuwa imetangazwa. Andiko la kiufundi lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kuyaona. Tulikwama kwenye mambo ambayo mwenye duka la vifaa vya ujenzi angeyamaliza asubuhi moja: akaunti ya mfumo ilifunguliwa kwa barua pepe ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, cheti cha ulipaji kodi kilikuwa kimepitwa na muda, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama usajili wa asasi chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, pamoja na marekebisho ya 2019, unairuhusu kuomba kazi ya aina hiyo au kama ingehitajika kampuni tanzu. Siku ya mwisho ilipita tukiwa bado tunamtafuta mwanasheria. Maswali haya ni ya bodi. Hayawezi kuachiwa mwandishi wa maandiko ayajibu saa sita usiku wa siku ya kufunga.

Na mlango huo una gharama zake, ambazo lazima zisemwe kabla mtu hajaingia. Mfadhili wa zamani alikuwa akitanguliza fedha; halmashauri hulipa baada ya kupokea ripoti, na mara nyingi baada ya muda mrefu. Mkataba wa shilingi milioni 40 hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi milioni 2, na wakati huo wadodosaji wanadai posho zao za mwezi uliopita. Asasi isiyo na akiba haiwezi kuifanya kazi hiyo hata ikishinda zabuni. Ndiyo maana ninaona kwamba neno la kwanza katika mkakati wa mapato ni akiba, kabla ya masoko, kabla ya tovuti mpya, kabla ya chapa.

Akiba haipatikani bila kujua gharama halisi ya kazi, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo tulipojiumiza zaidi kwa mikono yetu wenyewe.

Chukueni upimaji wa kusoma katika kijiji kimoja. Bajeti tunazoandika zina nauli ya bodaboda, posho, karatasi, vocha za intaneti, chai ya mafunzo. Hazina siku ambayo msimamizi anarudi kwenye kaya chache bila kumwambia mdodosaji, kuhakikisha kwamba mtoto alipimwa kweli. Hazina wiki za kusafisha takwimu. Mwaka 2022 niliandika siku mbili kwa kazi hiyo kwa sababu mfadhili alisema siku tano ni nyingi, nayo ikachukua wiki tatu, nusu yake ikifanywa na kijana aliyekuwa akilipwa na mradi mwingine kabisa. Hazina mhasibu anayeshughulikia marejesho ya masurufu ya watu kumi na wanne. Hazina kodi ya ofisi, wala mshahara wa mtakwimu katika miezi minne kati ya mradi mmoja na mwingine. Mtakwimu huyo huondoka. Kila asasi ninayoifahamu imemfundisha mtakwimu hodari, ikampoteza mradi ulipokwisha, na ikaanza upya na mwingine. Gharama ya kupoteza watu hao haimo kwenye jedwali lolote, nami naamini ni kubwa kuliko zote nilizozitaja.

Kwa miaka mingi Serikali ya Marekani iliruhusu asasi isiyo na kiwango chake kilichokubaliwa kudai asilimia 10 tu juu ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji. Oktoba 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 15, na miezi mitatu baadaye fedha zenyewe zikasimama. Wafadhili wengine wana viwango vyao, na wengi wetu tumevipokea bila kuuliza, kwa hofu kwamba tukiuliza kazi itakwenda kwa jirani. Jirani naye hakuuliza kwa hofu hiyohiyo. Ningependa kuona bodi inamtuma mkurugenzi wake kwa mfadhili akiwa na karatasi moja inayoonyesha, kwa shilingi, gharama ya mtoto mmoja kupimwa kwa uaminifu kuanzia mafunzo hadi mrejesho, na kumwambia kwamba chini ya hapo hatuwezi kuifanya kazi hii vizuri. Wapo watakaokataa. Kazi ya watu hao ni afadhali ikatupita, kwa sababu kila tulipoipokea kwa hasara tulilipia hasara hiyo kwa ubora wa takwimu.

Kukataa ni sehemu ya mkakati ambayo hatujawahi kuifundisha. Ofisi zetu hupokea wito wa maombi ukatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi na maneno "tuombe hii", na kuanzia hapo watu watatu wanaacha kazi waliyolipiwa kwa wiki mbili. Umeme unakatika, kompyuta ya mtu inaisha chaji, wasifu wa mshauri aliyeko Arusha haujafika, bajeti inajazwa dakika za mwisho. Kisha kimya. Tungeuliza swali moja tu kabla ya kuanza, kwamba je, aliyetoa wito huu anatufahamu na amewahi kuiona kazi yetu, tungejiokolea nusu ya usiku ule. Zabuni ikitangazwa, wanaofahamiana na mnunuzi wamekwisha kufanya kazi kubwa, tena kwa njia halali: wamemsikiliza, wamemletea matokeo ya utafiti uliopita, wamemsaidia kuelewa tatizo lake kabla halijawa hadidu za rejea. Kazi ya kutafuta mapato ni hiyo, na inachukua miezi. Inahitaji mtu mwenye cheo, mshahara wa kudumu na nafasi ya kuripoti kwa bodi, anayetunza kumbukumbu ya kila halmashauri, kila taasisi, kila mchapishaji wa vitabu tuliyezungumza naye, nini kinamsumbua na lini tulirudi kwake.

Tunao mfano wa nyumbani wa jinsi jina linavyojengwa. Uwezo, programu ya kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, ilipoanza 2009 katika Tanzania, Kenya na Uganda, ikifuata njia iliyofunguliwa na asasi ya Pratham nchini India kwa upimaji wake wa majumbani uitwao ASER mwaka 2005, ilitumia zana ambayo mzazi yeyote angeielewa: mtoto anapewa karatasi na kusoma kuanzia silabi hadi hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Watu wa kujitolea walikwenda majumbani. Matokeo ya kwanza ya 2010 yaliwashtua watu, lakini ninachokikumbuka zaidi ni mama aliyesimama mlangoni akisikiliza mwanawe wa darasa la nne akikwama kwenye aya. Mama yule hakuhitaji ripoti. Utafiti ulikuwa umemfikia mtumiaji palepale, na kwa sababu hiyo uliweza kuzungumzwa bungeni, redioni na kwenye vijiwe. Hakuna kipeperushi cha asasi kinachoweza kufanya kazi hiyo.

Sasa niseme linalonitia wasiwasi katika haya yote ninayoyapendekeza. Asasi inayouza huduma kwa Serikali au kwa wachapishaji itajaribiwa kulainisha matokeo. Sizungumzi kwa kukisia. Mteja mmoja aliyetulipa kutathmini programu yake ya vitabu aliomba jedwali lililoonyesha kwamba darasa la pili halikubadilika lihamishiwe kwenye viambatisho, na muhtasari uanze na maoni ya walimu, yaliyokuwa mazuri. Hakuna uongo ulioombwa. Tulibishana ofisini kwa siku mbili, na mwishowe jedwali lilibaki lilipokuwa kwa sababu mjumbe mmoja wa bodi, mwalimu mstaafu, alisema hataweka jina lake kwenye ripoti nyingine yoyote iwapo litahamishwa. Mteja hakutupa kazi tena. Mshahara wa mwezi ule ulichelewa, na naelewa kabisa kwa nini baadhi ya wenzangu walitaka tukubali.

Uadilifu wa asasi hauwezi kutegemea ujasiri wa mjumbe mmoja aliyehudhuria siku hiyo. Bodi ziandike mapema, kabla mteja hajafika, kwamba hatutathmini kazi tuliyoitoa sisi wenyewe. Kwamba kila mkataba wa utafiti utakuwa na kifungu cha kuchapisha matokeo baada ya muda uliotajwa, hata yasipompendeza mlipaji. Kwamba upande wa huduma na upande wa tathmini utakuwa na wakuu tofauti wasiogawana bajeti. Na kwamba hakuna mlipaji mmoja atakayezidi sehemu fulani ya mapato ya mwaka, sehemu ambayo bodi itaitaja kwa tarakimu. Mimi ningependekeza theluthi moja. Tulikwisha kuona, wakati Sheria ya Takwimu ilipofanyiwa marekebisho 2018 na kisha kulegezwa 2019, jinsi nafasi ya mtafiti kusema inavyoweza kubanwa kutoka nje. Tusiibane sisi wenyewe kwa ankara.

Najua wapo watakaotaja BRAC, asasi kubwa ya maendeleo ya Bangladesh, iliyoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972 na ambayo leo sehemu kubwa ya kazi zake nchini mwake inajigharamia kwa biashara zake, yakiwemo maduka ya Aarong yaliyoanza 1978. Ni mfano wa heshima. Lakini Aarong ilianza ili mafundi na wanawake wa vijijini waliokuwa wakihudumiwa na BRAC wapate soko la vitu walivyovitengeneza, na ilikua kwa miongo minne. Hosteli na kumbi za mikutano ambazo baadhi ya asasi zetu zimejenga hazina uhusiano huo na kazi yetu, na nimeona wakurugenzi wakitumia asubuhi zao kushughulikia majenereta na vyakula vya harusi. Biashara yetu ikae karibu na tunachokijua: kupima, kufundisha walimu, kuandaa zana za kusomea, kuwasaidia maafisa elimu kuzisoma takwimu wanazozikusanya wenyewe kila mwaka.

Ninachowaomba, waheshimiwa, ni kwamba katika kikao chenu kijacho, kabla ya kupitisha bajeti, mdai kuwekewa mezani karatasi tatu ambazo nina hakika asasi nyingi hazinazo: gharama halisi ya kazi moja tuliyoimaliza mwaka jana, idadi ya miezi ambayo asasi inaweza kulipa mishahara iwapo mlipaji wake mkubwa ataondoka kesho, na orodha ya maandiko yote yaliyoandikwa kwa miezi kumi na miwili pamoja na saa zilizotumika na yaliyofaulu. Bila hizo, mkakati wowote utakaopitishwa utakuwa umeandikwa kwa ajili ya mfadhili mwingine.

Naomba pia jambo moja la gharama ndogo. Mwalimu mkuu wa ile kata ya Morogoro alinipigia mwezi Juni mwaka uliofuata. Alikuwa ameweka kwenye kabati la ofisi yake nakala za orodha ya kaya tulizomwachia, na alitaka kujua kama bado tunazihitaji au anaweza kutumia upande wa nyuma kwa mazoezi ya darasa la tatu. Nilimwambia azitumie. Katika bajeti mtakayoipitisha, wekeni nauli ya mtu mmoja kwenda kila kata ambako kazi ilikatishwa, akae na walimu kwa siku moja, aeleze kilichotokea, na asikilize wanachotaka kipimwe.

Wenu katika kazi,

Mtafiti wa elimu na mwandishi wa maandiko ya miradi,
Morogoro